Boljointi mbovu zinavyokula mtaji wa wenye pikapu

Na Mwandishi Wetu

KATIKA daftari la mfanyabiashara mdogo mwenye pikapu, mafuta huandikwa, ushuru wa soko huandikwa na posho ya dereva huandikwa. Lakini kipo kipande kimoja cha chuma, kisichozidi ukubwa wa ngumi, ambacho hakiandikwi popote mpaka siku kinapokatika. Kipande hicho mafundi wetu hukiita boljointi.

Wiki hii ukurasa huu unaziacha kando bei za nafaka na fedha za kigeni, unaingia gereji. Sababu ni ya kibiashara. Kwa wasomaji wetu wengi pikapu ndiyo mali ya kudumu yenye thamani kubwa kuliko zote walizo nazo baada ya nyumba, na wapo ambao hata nyumba hawajajenga. Mali hiyo ikilala chini, biashara nzima inalala nayo.

Mfanyabiashara mmoja wa nyanya, ambaye hakupenda jina lake litajwe gazetini, alimsimulia mwandishi wa habari hizi yaliyomkuta. Hununua nyanya kwa wakulima wa Ilula, mkoani Iringa, na kuziteremsha Morogoro kwa pikapu yake ya tani moja. Kwa wiki kadhaa alikuwa akisikia mlio wa "ko, ko" upande wa kushoto mbele kila alipopita kwenye tuta au shimo kwa mwendo mdogo. Akaenda kwa fundi. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema ni shokapu. Shokapu mbili zikanunuliwa na kufungwa. Mlio ukapungua siku mbili, kisha ukarudi kama kawaida.

Wiki mbili baadaye, gari likiwa na matenga ya nyanya, alikuwa akitoka njia ya shamba kuingia barabara ya lami. Akakata kona. Gurudumu la kushoto likalala ubavu chini ya fenda, pua ya gari ikashuka hadi kwenye lami na usukani ukakosa kazi. Kwa bahati mwendo ulikuwa mdogo na hakuna aliyeumia.

"Ningekuwa nimeshafika Kitonga, usingenikuta hapa tunazungumza," alisema. Wanaoijua barabara hiyo wanaelewa anachosema, maana atokaye Ilula kwenda Morogoro hana budi kuuteremka mlima huo, wenye kona kali na korongo pembeni.

Gereji waliposhusha gurudumu walikuta boljointi ya chini imechomoka katika kikombe chake. Shokapu zilizotolewa wiki mbili nyuma hazikuwa na kosa lolote. Kwa maneno mengine, bwana huyu alipata hasara mara mbili: kwanza alinunua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, kisha ugonjwa wenyewe ukamkuta njiani.

Hapo ndipo penye somo la wiki hii. Kinachomtia hasara mwenye gari ni kulipa kabla ya kupima.

NI KITU GANI

Boljointi ni tufe la chuma lenye mguu, lililokaa ndani ya kikombe cha chuma. Ndani ya kikombe mna grisi, na juu yake pana mpira wa kuzuia vumbi na maji. Kazi yake ni kuunganisha mkono wa gari, ule ambao mafundi huuita amu, na nako, yaani kile chuma kinachobeba habu ya gurudumu la mbele. Kwa sababu tufe linazunguka pande zote, gurudumu linaweza kupanda na kushuka kwenye mashimo na wakati huohuo kugeuka kushoto na kulia kwa amri ya usukani.

Pikapu nyingi zenye mbele huru, yaani kila gurudumu likipanda na kushuka peke yake, zina mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini. Kwa hiyo zina boljointi nne za namna hii. Toyota Hilux zile zinazoitwa Vigo, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 2004, ni za mpangilio huo. Ndani yake springi ya mbele imekalia mkono wa chini, na boljointi ya chini ndiyo inayobeba uzito. Ya juu kazi yake kubwa ni kushikilia gurudumu lisimame wima.

Hata hivyo si kila pikapu inazo. Hilux za zamani za magurudumu manne yenye nguvu za namna ya LN106, pamoja na pikapu za Land Cruiser za HZJ75 na HZJ79, zina ekseli nzima mbele. Hizo hugeuza magurudumu kwa beringi za kingpini. Mwenye gari la aina hiyo akiambiwa boljointi za mikono zimekwisha, basi ajue fundi ama amekosea jina ama anamwuzia hewa. Anazoweza kuwa nazo ni zile za kwenye fimbo za usukani, yaani tairodi endi.

KINACHOIUA

Wengi hudhani mzigo ndio unaoimaliza boljointi. Mzigo unachangia, lakini katika pikapu uzito mwingi wa mzigo huangukia ekseli ya nyuma. Adui wa kwanza wa boljointi ni kupasuka kwa ule mpira wake. Mpira ukichanika, grisi hutoka, vumbi na maji huingia, na tangu siku hiyo tufe linasagwa na mchanga kama nafaka kinuni. Baada ya hapo kila shimo linaongeza nafasi kati ya tufe na kikombe.

Umuhimu wa kipande hiki ulionekana wazi mwaka 2005, pale kampuni ya Toyota ilipoita magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani ili boljointi zake za mbele zikaguliwe. Miongoni mwake zilikuwamo pikapu za Tacoma na Tundra. Kosa lililoonekana ni mikwaruzo kwenye uso wa tufe, iliyotokea wakati wa kutengenezwa, ambayo ingeweza kuharakisha uchakavu. Ikiwa mikwaruzo midogo tu ilitosha kuwaita wenye magari wote hao, msomaji ajiulize mchanga wa njia za shamba unafanya nini ndani ya mpira uliochanika.

DALILI

Dalili za kawaida ni nne. Ya kwanza ni mlio wa kugonga mbele kwenye mashimo na matuta, hasa kwa mwendo mdogo. Ya pili ni gari kutangatanga barabarani, dereva akilazimika kulirudisha kila mara. Ya tatu ni tairi la mbele kulika upande mmoja, wa ndani au wa nje, wakati upande wa pili bado una meno. Ya nne ni usukani kuwa mzito au kutoa sauti ya kukwaruza gari linapogeuka, ishara kwamba grisi imekwisha.

Tatizo ni kwamba dalili hizi si za boljointi peke yake. Shokapu iliyokufa hugonga, bushi za mkono zilizokwisha hugonga, tairodi endi iliyolegea hufanya gari litangetange, na beringi ya habu ikilegea gurudumu hucheza. Ndiyo maana anayetaja jina la kipuri kwa kusikiliza tu anabahatisha, na fedha anazobahatishia ni zako.

NAMNA YA KUPIMA

Kipimo chenyewe hakihitaji mitambo. Kinahitaji jeki, stendi, mtaimbo, tochi na mtu wa pili. Mwenye gari asimame pale aone kwa macho yake.

Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na magurudumu ya nyuma yazibwe kwa mawe au vigingi. Kisha linakuja jambo ambalo gereji nyingi za pembeni mwa barabara hukosea, nalo ni mahali pa kuweka jeki. Kwa gari ambalo springi yake imekalia mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono huo, karibu na gurudumu kadiri inavyowezekana. Hapo springi inabaki imebanwa na boljointi ya chini inapata nafuu ya mzigo. Jeki ikiwekwa chini ya chesesi, springi inausukuma mkono chini na kuikaza boljointi, na hata iliyokwisha itaonekana nzima. Kwa gari lenye springi juu ya mkono wa juu, mambo ni kinyume: hapo ndipo jeki hukaa chini ya chesesi.

Gurudumu likishanyanyuka kidogo, stendi iwekwe kwa usalama. Hatua ya kwanza ni kushika tairi juu na chini, kisha kulisukuma na kulivuta. Likicheza, mtu wa pili akanyage breki kwa nguvu na zoezi lirudiwe. Mchezo ukitoweka breki inapokanyagwa, kosa liko kwenye beringi ya habu. Mchezo ukibaki, macho yaende kwenye boljointi.

Hatua ya pili ni kupitisha mtaimbo chini ya tairi na kulinyanyua taratibu, huku mwenzako akimulika kwa tochi pale mkono unapokutana na nako. Kama nako inapanda wakati mkono umetulia, basi tufe linacheza ndani ya kikombe. Kila gari lina kiwango chake cha mchezo kinachoruhusiwa, kilichoandikwa katika kitabu cha ufundi cha mtengenezaji, na gereji yenye kipimo cha sindano inaweza kukisoma kwa usahihi. Lakini mchezo unaoonekana kwa macho na kusikika kwa sikio ni onyo la kutosha kutopakia tena gari hilo.

Hatua ya tatu ni kushika tairi kushoto na kulia na kulitikisa. Mchezo hapo, wakati ule wa juu na chini haupo, mara nyingi ni wa tairodi endi. Mwisho, kagua mipira yote. Mpira uliochanika juu ya boljointi ambayo bado haichezi ni habari njema iliyokuja mapema: una muda wa kutafuta fedha bila kukopa, ingawa muda huo si mrefu.

KUBADILISHA

Kazi ya kubadilisha ni ya fundi mwenye vifaa, na mwenye gari anatakiwa kuijua ili aisimamie. Nati za gurudumu hulegezwa gari likiwa chini. Gari hunyanyuliwa, likawekwa juu ya stendi, na gurudumu hutolewa. Mkono wa chini lazima uungwe kwa jeki muda wote, kwa sababu springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu ikifyatuka.

Pini ya nati hutolewa, kisha nati hulegezwa bila kutolewa yote, ikibaki na nyuzi chache ili vipande visirukane. Mguu wa boljointi hung'olewa kwa pula. Fundi anayepiga nyundo kwenye mguu wenyewe huharibu nyuzi, na anayeingiza nondo kwa nguvu huchana mpira, jambo ambalo ni kosa kubwa hasa pale boljointi nyingine inapobaki kazini.

Namna ya kuitoa hutegemea gari. Zipo zinazofungwa kwa bolti, zipo zinazoingizwa kwa presi, na zipo zinazouzwa pamoja na mkono mzima. Zile za presi zisigongelewe kwa nyundo kwenye jiwe, maana kikombe kikipinda, kipuri kipya kinaanza maisha kikiwa mgonjwa. Kabla ya kufunga mpya, tundu la mguu kwenye nako husafishwa likauke. Nati ikazwe kwa kiwango cha mtengenezaji kwa spana ya kupimia ukazaji, na pini iwe mpya. Tundu la pini lisipolingana na meno ya nati, nati huongezwa kukazwa mpaka lilingane, hairudishwi nyuma. Kama boljointi ina nipo, ipigwe grisi kabla gari halijatoka.

Baada ya hapo gari liende alaimenti. Asiyefanya hivyo ataokoa fedha kidogo leo, na baada ya miezi michache atanunua matairi mawili.

Je, zibadilishwe mbili mbili? Zilizofungwa siku moja na kupita njia moja kwa kawaida huchakaa kwa kukaribiana. Lakini upande wa pili upimwe kwanza. Ukiwa mzima na mpira wake mzima, hakuna sheria ya kumlazimisha mwenye gari kulipa.

SOKONI

Anayeingia Gerezani au Kariakoo kutafuta boljointi atakutana na ngazi tatu za bidhaa: ile ya mtengenezaji wa gari, ile ya viwanda vingine vyenye jina, kwa mfano 555 ya Sankei ya Japani, na ile isiyo na jina la kueleweka. Jina lenye sifa huvutia waigaji, kwa hiyo boksi peke yake si ushahidi.

Mnunuzi abebe ile ya zamani. Alinganishe urefu na unene wa mguu, nyuzi za nati, matundu ya bolti na namba iliyochongwa kwenye chuma. Aizungushe kwa mkono: mpya inatakiwa kuwa nzito kidogo na laini, isiyokwama wala kucheza. Mpira uwe laini usio na ufa. Kisha adai risiti yenye jina la duka na la kipuri, kwa kuwa bila risiti hana la kumwambia muuzaji, wala la kupeleka Tume ya Ushindani akigundua ameuziwa bandia.

Ipo pia biashara ya boljointi za mtumba zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa. Mlango wa mtumba au taa ya mtumba unaweza kuuona na kuukagua. Uchakavu wa boljointi umefichwa ndani ya kikombe. Anayenunua hiyo analipia maisha yaliyobaki bila kujua ni siku ngapi.

HESABU

Sasa tuingie kwenye tarakimu. Hizi ni za mfano tu, na kila msomaji aweke za kwake. Tuseme pikapu inamwingizia mwenyewe Sh 60,000 kwa siku baada ya kutoa mafuta na dereva.

Anayepima mapema hununua boljointi mbili za chini kwa Sh 160,000, hulipa ufundi Sh 40,000 na alaimenti Sh 40,000, na hupoteza siku moja ya kazi yenye thamani ya Sh 60,000. Jumla ni Sh 300,000, sawa na kazi ya siku tano.

Anayesubiri ikatike hulipa zile Sh 240,000 za vipuri, ufundi na alaimenti kama mwenzake. Halafu huongeza mkono uliopinda, bomba la breki na fenda kwa Sh 500,000, kuvutwa kwa gari Sh 200,000, gari la kukodi kuhamisha mzigo Sh 250,000, mzigo ulioharibika Sh 400,000, na siku sita za kusimama Sh 360,000. Jumla ni Sh 1,950,000. Tofauti ya Sh 1,650,000 ni zaidi ya siku 27 za kazi. Na hesabu hii haina mtu aliyeumia.

Wapo watakaosema bima itafidia. Wasome mikataba yao vizuri, kwa maana bima za magari kwa kawaida hazilipi uchakavu wa vipuri, na bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo waliyonayo wengi, hailipi gari la mwenye bima hata kidogo. Aidha, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwenye gari asiliweke barabarani likiwa bovu. Aliyeusikia mlio kwa wiki kadhaa atakuwa na kazi ngumu kueleza kwamba hakujua.

Mwenye pikapu aliye makini anaweza kuliingiza jambo hili katika daftari kama gharama nyingine yoyote. Kwa mfano wetu, akitenga Sh 5,000 kila siku ya kazi, baada ya siku 60 za kazi ana Sh 300,000 mkononi, tena bila kumpigia magoti mkopeshaji. Na kila gari linapokwenda kubadilisha oili, aombe jeki na mtaimbo. Zoezi lote halimalizi nusu saa.

Mfanyabiashara wetu wa Ilula amerudi barabarani. Ameuza shamba dogo la mahindi kulipa deni la matengenezo na nyanya alizochukua kwa mali kauli. Zile shokapu mbili za zamani, nzima kabisa, bado anazo uani kwake. Anasema hataki kuziuza. Anataka kila fundi atakayemtajia kipuri kabla ya kupima azione kwanza.